Chombo cha kauri cha "kulungu mia" kutoka Jingdezhen: uzoefu wangu

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta: laki tano na nusu, kikiwa kimeshafika Kariakoo, usafiri wa meli na ushuru humo humo. Muuzaji yuko Jingdezhen, mji wa jimbo la Jiangxi, China, uliokuwa na matanuri ya kifalme enzi za koo za Ming na Qing, na tangu mwanzo alisema wazi kwamba anauza nakala. Hilo lilinifanya nimwamini kuliko yule mwingine aliyenitumia picha ya chombo "cha kale" kwa bei ya friji.

Kilichonakiliwa ni chombo cha kulungu mia cha enzi ya mfalme Qianlong, karne ya 18. Tumbo pana, shingo nene, vishikio viwili vya dragoni. Mwili mzima kulungu wanarandaranda kati ya miamba, misonobari na mipichi. Kwa Wachina, jina la kulungu linasikika sawa na neno la mshahara wa ofisa wa serikali. Msonobari na pichi ni maisha marefu. Kwa hiyo anayepewa chombo hiki ameombewa cheo na umri kwa mkupuo mmoja.

Kauri yenyewe haina neno. Nyeupe, nzito, ukiigonga kwa kucha inalia vizuri, na ilifungwa kwa sponji ndani ya boksi la mbao. Vishikio vina mstari wa kalibu ambao hawakuusugua, lakini ukiwa mbali huuoni.

Shida iko kwenye uchoraji, na hapa nitawachosha kidogo. Chombo cha kifalme kilichomwa kwanza kwa joto la karibu nyuzi 1,300, kisha kikachorwa juu ya ule mng'ao, yaani tabaka la kioo linalofunika kauri, na kurudishwa kwenye moto mdogo ili rangi zishike. Ile rangi yake ya waridi ilitokana na chembe za dhahabu. Rangi za namna hiyo huinuka kidogo, ukipitisha kidole unazisikia. Kwenye changu miamba na majani yameinuka, maana yake brashi ya mtu imepita hapo. Kulungu hawakuinuka hata kidogo. Nikachukua lenzi nikaona vitone vya mashine ya kuchapa: ni stika iliyochomewa. Dume mweupe anayegeuza shingo yupo mbele na yupo nyuma, doa la sikioni likiwa pale pale, na karibu na kishikio kuna mwenzake aliyekatwa pembe pale karatasi mbili zilipokutana.

Chini kuna muhuri wa buluu wa herufi sita unaotaja enzi ya Qianlong. Msiongeze hata shilingi kwa ajili yake. Mafundi wa enzi ya mfalme Kangxi wa Qing nao waliandika jina la mfalme Chenghua wa Ming kwenye kazi zao, ilhali Chenghua alifariki mwaka 1487, karibu karne mbili kabla yao.

Muuzaji huyo ana pia chombo cha qilin, yule mnyama wa heri wa hadithi za Kichina. Mtu wa pwani atavutiwa tu, kwa sababu twiga aliyepelekwa kutoka Malindi mwaka 1415 alipokewa kwenye baraza la mfalme Yongle kama qilin aliye hai. Ila wa kwenye kauri ana magamba, na shingo ya twiga hana.

Kwa pambo la sebuleni, nakipa tatu na nusu kati ya tano. Kama unataka kazi ya mkono tupu, bei hii haitakufikisha. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji video ya kuzunguka chombo chote taratibu, mwanga ukitokea ubavuni, na asimame pale kwenye vishikio. Akikutumia picha ya mbele peke yake, jua kulungu wa nyuma ni wale wale.