Kambi ya wavulana ya kanisa letu, safari hii nikiwa mlipa ada

Wengi mnanifahamu kwa kazi mbili: reli, ambako nilistaafu, na kambi ya wavulana ya likizo ya Juni, ambayo nilikuwa mratibu wake hadi nilipokabidhi mwaka jana. Toka hapo wazazi wa Mwanga na Gungu, hapa Kigoma mjini, hawajaacha kunisimamisha njiani: "Mzee, kambi bado ni nzuri?" Sikuwa na jibu, maana mpishi haulizwi kama chakula chake kimekolea chumvi. Juni hii nimemlipia mtoto wa dada yangu ada kamili, shilingi 60,000, nikakatiwa stakabadhi kama mzazi mwingine yeyote. Sasa niulizeni.

Kwa wasioijua: ni kambi ya Jumatatu hadi Jumamosi, wavulana wa miaka 10 hadi 16, ufukweni kusini mwa mji ukishapita Katonga. Asubuhi wanasoma Biblia, jioni nyimbo na mahubiri mafupi (hayo "mafupi" nitayarudia). Watoto wa madhehebu yote wanapokelewa. Wengi ni wa hapa mjini na Ujiji, lakini kuna basi la Kasulu, na wachache wa Tabora na Urambo huja na treni wakiwa na mwalimu wao. Wa Kasulu ndio wananifurahisha. Ni wana wa mkoa huuhuu, na bado wapo wanaoliona ziwa kwa mara ya kwanza. Wanashuka kwenye basi wakipiga kelele, wakifika mchangani wananyamaza, halafu mmoja anauliza ng'ambo kule ni wapi. Akiambiwa ni Kongo hakubali mpaka aonyeshwe milima.

Nianze na maji, kwa sababu ndiyo hofu ya kina mama wote. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na watoto wanapenda sana kuitaja hiyo namba. Wewe mzazi uliza habari za mita kumi za kwanza. Ufukwe wetu unashuka ghafla. Mtoto yuko kwenye maji ya kiunoni, akipiga hatua mbili hagusi chini. Kwa hiyo kuna kamba iliyofungwa madumu matupu, na nje ya kamba anakaa kijana ndani ya mtumbwi. Pembeni kuna ubao wa misumari. Kila mvulana ana kifuniko chake cha soda kilichotobolewa na kuandikwa namba kwa rangi: akiingia majini anakitoa upande wa kushoto na kukitundika kulia, akitoka anakirudisha. Filimbi ikilia, kila mtu anashika mkono wa mwenzake na kuunyanyua, na mtu wa ubaoni anahesabu vifuniko na vichwa. Nilimuuliza mpwa wangu namba yake bila kumwandaa. "Thelathini na moja, mjomba. Mwenzangu ni thelathini na nne, wa Kibondo." Hapo nikatulia.

Wanaogelea asubuhi tu. Mchana upepo ukishaanza kupiga, ziwa linakuwa jingine. Siku moja upepo uliamka mapema, kuogelea kukafutwa, vijana wakanuna hadi saa sita, na mratibu mpya hakumbembeleza mtu. Habari za mamba aliziulizia kwa wavuvi wa Katonga kabla hata mahema hayajasimama, maana wao ndio wanaolala na lile ziwa.

Chakula ni kingi na ni kitamu kuliko ninavyokikumbuka. Uji wa karanga asubuhi, mchana wali au ugali wa muhogo, jioni hivyohivyo. Samaki wabichi msiwategemee. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, kambi ikaangukia katikati ya huo mfungo, na mpishi wetu, mama mmoja wa Bangwe, akaishi kwa maharage ya mawese na dagaa wakavu. Vijana walivizoea mno, na sasa ndiyo ratiba. Nyama ni mara moja tu, mbuzi, na anachinjwa na jirani Mwislamu ili na wavuvi walioazima mitumbwi wakae kula nasi. Hilo lilikuwapo zamani na nimefurahi halijaguswa.

Malazi ni mahema ya turubai, watoto wanane kwa hema, godoro la sponji unakuja nalo. Chandarua ni lazima. Bila chandarua mtoto harudishwi nyumbani ila jina lake linasomwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, na mzazi analeta mbio. Mkoa huu ni miongoni mwa yenye malaria nyingi nchini, sioni kwa nini mtu abishane. Mratibu mwenyewe ni muuguzi. Ana boksi la dawa, ana vipimo vya haraka vya malaria, na ana fomu ya kurasa mbili inayouliza kila kitu, hadi kama mtoto anakojoa kitandani (fomu inabaki kwake, haisomwi na mtu mwingine). Ameweka pia sharti kwamba hakuna mtu mzima kukaa na mtoto mmoja peke yao, iwe hemani, iwe kwenye gari, iwe kwenye "mazungumzo ya kiroho". Kuna mzee aliona anatukanwa. Mimi ningekuwa mzazi mgeni, sharti hilo peke yake lingenifanya nilipe.

Vyoo ni viwili vya shimo, na saa moja asubuhi foleni yake inatia huruma. Vitatu vingetosha.

Sasa nije kwenye kitu ambacho kipeperushi hakikitaji, na ambacho kwa maoni yangu ndicho unachokilipia: viongozi wa familia. Kambi imegawanywa katika makundi yanayoitwa familia, na kila familia ina kijana wa miaka 17 hadi 20, aliyepitia kambi hiyohiyo akiwa mdogo. Ndiye anayelala mlangoni mwa hema. Ndiye anayejua nani analia usiku. Mahubiri watoto wanasahau, mimi nayasahau pia, lakini yule kijana hawamsahau. Na ni kwa sababu yao niliachia ngazi.

Maana yamesemwa mengi. Kwamba nilichoka, kwamba niligombana na wazee wa kanisa, kwamba kuna hela. Kilichoniondoa ni shingo. Jioni moja mtoto alimwomba kiongozi wake ruhusa ya kwenda hemani kuchukua sweta. Kijana wa miaka 18, mwenye akili zake, akageuza shingo kunitazama kabla ya kusema ndiyo. Sikusema kitu, ila kuanzia hapo nikawa nawaangalia, na wote walikuwa hivyo: kabla ya kugawa uji, shingo, kabla ya kufunga maombi, shingo. Kijana aliyelelewa kambini tangu ana miaka 12 hawezi kutoa ruhusa ya sweta mpaka mzee aitikie! Usiku uleule nikaiambia kamati watafute mwingine. Mwenyekiti akanisihi nibaki kama mlezi. Nikamwambia mlezi anayekaa chini ya mwembe naye ni mahali pa kugeuzia shingo. Nikakabidhi kaunta buku lenye mahesabu na orodha zote, funguo za stoo na filimbi, na nikaomba namba yangu itolewe kwenye kipeperushi.

Sitawadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Juni ilipokaribia mikono iliniwasha. Mpishi alinipigia kuuliza maharage anunue wapi, nikamwambia amuulize mratibu, akakata simu kwa hasira na hajanisamehe vizuri mpaka leo.

Alhamisi ni siku ya wazazi. Tulikwenda na dada yangu kwa bajaji, tukakuta familia mbili ziko kwenye ugomvi wa sufuria. Lile sufuria kubwa la ugali lilikuwa limeganda ukoko mweusi mpaka ukingoni, zamu haijulikani ni ya nani, na wavulana karibu kumi wamesimama wakinyoosheana vidole, mpwa wangu akiwa wa mbele kwa sauti. Nyumbani kwao huyu mtoto hajawahi kuosha hata kijiko. Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka pale na kofia yangu ya reli, na neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Dada akanivuta shati. Akaja kiongozi wa familia mmoja, yuleyule wa sweta. Hakuuliza zamu ya nani. Alikunja suruali, akaburuta sufuria hadi majini, akachota mchanga na jivu, akaanza kusugua. Baada ya muda mmoja akaingia naye, kisha wawili. Mpwa wangu alisimama na fahari yake mpaka alipoona amebaki na mtu mmoja tu, ndipo akavua kandambili. Kazi ilipokwisha kijana yule akasema, "Haya, sasa nani anajua zamu ilikuwa ya nani?" Wakacheka. Hakunitazama hata mara moja. Aliponiona baadaye alikuja kunipa shikamoo, akauliza hali ya magoti yangu, akarudi kwa watoto wake.

Kasoro zipo. Mhubiri mgeni wa Jumatano, kwa maelezo ya mpwa wangu, alihubiri "mpaka mwezi ukahama". Kipindi cha saa nane mchana, baada ya wali, ni usingizi mtupu na kinapaswa kuhamishwa. Mwaka huu walikodi spika kubwa na jenereta; kwaya ilisikika vizuri, lakini watoto waliozoea kuimba kwa makofi waliacha kuimba wakawa wanasikiliza, na mafuta ya jenereta yamelipwa na ada yetu. Fulana ni 15,000 nje ya ada, na maandishi yake yalianza kubanduka ilipofuliwa tu.

Halafu kuna safari ya Ijumaa. Ujiji imebaki: makumbusho, miembe, Stanley na Livingstone wa Novemba 1871, na njia ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu iliyotoka pale kupitia Tabora hadi Bagamoyo. Ni sawa kabisa, na muongozaji wa pale hakuwaonea haya watoto kwa habari za minyororo. Lakini kituo cha reli kimefutwa kwenye ratiba, eti muda hautoshi! Jengo lile la Wajerumani liko katikati ya mji, hulipii kitu kulitazama, na reli ilifika hapa ziwani mwaka 1914. Nilikuwa nawasimamisha vijana mwisho kabisa wa njia, nawaambia kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni karibu kilometa 1,250, kisha nawapa kisa cha Liemba: meli iliyoundwa Ujerumani, ikaletwa vipandevipande, Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka 1916 isiangukie mikononi mwa adui, Waingereza wakaiibua mwaka 1924. Hakuna mtoto aliyewahi kusinzia hapo. Napunguza nusu nyota kwa hilo, na wanaosema ni wivu wa mstaafu waseme.

Kwa hiyo nyota nne na nusu kati ya tano, na zile nne ni za vijana wa mlangoni. Ukitaka kumpeleka mtoto kambi yoyote, hata si hii, omba kuonana na anayelala naye hema moja, si mratibu.

Mengine kwa kifupi. Nafasi hujaa mapema, jiandikisheni mara baada ya Pasaka, kwa mhazini wa kanisa, na msiondoke bila stakabadhi. Simu ya mtoto ibaki nyumbani. Wanaipokonya na kuifungia stoo. Wekeni sweta, tochi, kandambili, sahani na kikombe cha bati. Asiyejua kuogelea aje tu, ila mseme ukweli kwenye fomu. Na msinipigie mimi. Nitawaelekeza kwa mratibu, na yeye simu hapokei watoto wakiwa majini.