Boksi la kupima uingiaji wa protini kwenye kiini cha seli: uzoefu wangu nikiwa Mbeya

Linafanya kazi, tena vizuri. Shida ni kijikaratasi cha maelekezo: aliyekiandika hajawahi kushika tyubu Mbeya mwezi wa Julai.

Ndani kuna digitonini (dawa ya kutoboa utando wa seli) kwenye kiyeyusho cha DMSO, bafa, laiseti, yaani maji ya ndani, ya retikulosaiti za sungura, ambazo ni chembe changa za damu (humo ndimo zilimo protini za usafirishaji, importini na Ran), mchanganyiko wa nishati wa ATP, GTP na kreatini fosfati, na mzigo wenyewe, yaani protini ya kuingizwa kwenye kiini: albumini ya ng'ombe yenye rangi inayong'aa, iliyobandikwa anwani ya kiini, mfuatano wa asidi amino PKKKRKV kutoka virusi vya SV40. Nimelitumia kwa seli za HeLa, seli za binadamu zinazokuzwa maabara.

Tuanze na digitonini, maana humo ndimo wengi wanamoharibikiwa. Wanasema "iache iyeyuke kwenye joto la chumba". DMSO huganda chini ya nyuzi 18 hivi, na chumba chetu asubuhi hakifiki huko. Iyeyushe kwa nyuzi 37, kisha itazame kwenye mwanga. Ukiona chembe nyeupe, ipashe kwa nyuzi 95 kwenye kipashio cha chuma. Usitegemee sufuria, kwa mwinuko wetu wa mita 1,700 hivi maji huchemka karibu na 94.

Kipimo walichoandika ni maikrogramu 40 kwa mililita, dakika 5 juu ya barafu, halafu kuosha mara tatu. Usikiamini bila kukijaribu. Digitonini hutoboa utando wa nje kwa kung'ang'ania kolesteroli, ambayo utando wa kiini unayo kidogo. Ukizidisha, kiini nacho hutoboka, kila kitu kinang'aa na unashangilia bure. Mimi hupima 20, 30, 40, 50 na 60 kwa dekstrani (sukari ya molekuli kubwa) yenye rangi, ya kilodaltoni 70, isiyopita matundu ya kiini: kipimo sahihi ni pale saitoplazimu, sehemu ya seli nje ya kiini, inapojaa rangi huku kiini kikibaki cheusi.

Uingizaji wenyewe ni nyuzi 30 kwa dakika 30, ndani ya inkubeta. Sahani ya chuma ipashe kabla, la sivyo vioo vyenye seli vinapoa ukiwa unaviweka.

Ukiona pete inayong'aa kuzunguka kiini na katikati pako giza, mzigo umefika mlangoni haujaingia. Mara nyingi ni nishati au GTP iliyochakaa. Importini beta, mbebaji, huachia mzigo inapokutana na Ran yenye GTP ndani ya kiini. Bila hiyo foleni inasimama kwenye matundu ya kiini.

Vidhibiti, yaani sampuli za kulinganishia, visiachwe: sampuli ya kwenye barafu, isiyo na laiseti, yenye lektini ya ngano (protini inayoziba matundu), na mzigo wa PKTKRKV, ambapo lisini moja imegeuzwa threonini. Huu wa mwisho ukiingia, rudi kwenye digitonini. Na msijaribu kubadilisha mzigo wao kwa GFP tupu, protini inayong'aa kijani. Ina kilodaltoni 27 tu, inapenya yenyewe bila kubebwa.

Ninachowalaumu ni laiseti kuja yote kwenye tyubu moja ya mililita 1. Kila ikiyeyushwa na kugandishwa tena inapungua nguvu. Igawe siku ileile inayofika, maikrolita 50 kila tyubu, kwenye friza la nyuzi hasi 80. Kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 800 za barabara, kwa hiyo agiza isafirishwe Jumatatu, na boksi likifunguliwa bila barafu kavu hata kipande, usisaini kulipokea.

Nyota nne. Ya tano imeondoka na hiyo tyubu.