Masta ya mipango ya usafiri: uzoefu wangu Goma

Anayesoma mipango ya miji akapewa nafasi ya kuchagua upande wa usafiri, aichukue. Mimi nimemaliza, na ada niliyolipa siijutii.

Mwanzo ulinichosha. Muhula mzima tulikaa na modeli ya hatua nne ya kukadiria safari za watu, iliyotokea Marekani miaka ya 1950: safari zinaanzia wapi, zinaishia wapi, watu wanapanda nini, wanapita njia gani. Tulipofika hatua ya tatu, zoezi lilitupa chaguo mbili tu: gari binafsi au basi. Chukudu, kile kigari chetu cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, je? Pikipiki? Na mama anayetoka mtaa wa Ndosho kwa miguu, mzigo mgongoni na kamba kwenye paji la uso, tumwandike wapi? Tuliambiwa takwimu zao hazipo, tukasonga mbele. Iliniuma, na mpaka leo naona ndilo pengo kubwa la masomo haya.

Uhondo ulikuwa barabarani. Tulitumwa kuhesabu vyombo kwenye mzunguko wa Rond-point Signers kuanzia saa 12 asubuhi, kila robo saa na karatasi yake. Safu ya pikipiki ilijaa wakati ya mabasi ina vijistari vichache tu. Motari mmoja, dereva wa pikipiki ya abiria, akaniuliza, "Yaya, munatuhesabu juu ya kodi?" Nilipomweleza, alinionyesha mambo ambayo fomu yetu haikuyauliza: wanapojibanza mvua ikinyesha, na vichochoro vya mawe ya volkano wanavyovikwepa kwa sababu vinamaliza matairi.

Lakini kilichonishika hasa ni somo la njia mbadala. Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, lava ikakata barabara ya Rutshuru. Siku chache baadaye tukaamriwa kuhama, na umati mkubwa ukamiminika barabara moja ya kwenda Sake, upande wa magharibi: magari, pikipiki, watoto, magodoro. Nilikuwemo, nimembeba mdogo wangu. Nilipokuja kuuchora mtandao wa barabara za Goma darasani, kaskazini volkano, kusini ziwa, mashariki mpaka wa Rwanda, nilielewa kwa nini siku ile tulitembea hatua kumi tukasimama. Tasnifu yangu niliiandika juu ya hilo.

Mifano mingi ya darasani ilikuwa ya Bogotá, Kolombia. Mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam, yaliyoanza 2016, tuliyapitia juu juu tu. Jifunze mapema QGIS, programu ya kuchora ramani, ni ya bure. Na kabla hujalipa, waulize kama wanapeleka wanafunzi barabarani kuhesabu. Wakisema hapana, tafuta chuo kingine.