Chupa za kujifunzia mseto wa mvinyo: kabla ya kusoma lebo, shika shingo

Kwa mwaka mzima na ushee niliamini kwamba Merlot, aina ya zabibu za mvinyo mwekundu, ina ladha ya tende zilizochemshwa na sukari guru. Niliandika hivyo kwenye daftari langu, tena kwa wino mwekundu, nikawafundisha hivyo na wenzangu watano tunaokutana kwangu Mbezi kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Tulinunua chupa tatu, Cabernet Sauvignon, Merlot na Shiraz, tujifunze kuchanganya wenyewe. Kila tulipotia Merlot kwenye glasi, mseto ulizama. Tukapitisha hukumu: zabibu hii haifai.

Kisha mdogo wangu akarudi kutoka Cape Town na Merlot ya shamba lilelile, mwaka uleule. Nilifungua kwa shingo upande. Laini, zambarau zilizoiva vizuri, uchachu kidogo mwishoni unaokuita urudie. Tende hazimo, sukari guru haimo. Ile chupa yetu ilikuwa imepikwa na joto, na sisi tukaikariri kama somo.

Kwa hiyo wanaoniandikia "dada, nianze na mvinyo gani wa mseto?" leo nawajibu. Wanaotaka kujua upi unakwenda na nyama choma, au upi una medali nyingi za kubandika, wapo wengine wanaoandika hayo vizuri kuliko mimi. Mimi nina ugomvi na kitu kimoja tu, nacho ni joto.

Mvinyo hupenda kulala kwenye nyuzi 12 hadi 15 hivi. Dar es Salaam kati ya Januari na Machi, mchana ni nyuzi 31, 32 kivulini. Mvinyo ukipata moto hutanuka na kusukuma kizibo. Usiku ukipoa hujikunyata na kuvuta hewa ndani. Rudia hivyo wiki sita. Tunda linageuka jemu, harufu inabaki ya sukari iliyoungua. Kwa mtu anayekunywa tu, ni jioni moja imeharibika. Kwa anayejifunza mseto ni balaa, maana hujui ni sauti ipi imekosekana. Ni sawa na kupelekwa taarabu siku ambayo mpiga fidla hayupo, halafu uambiwe wimbo ndivyo ulivyo.

Ndiyo maana nasema shika shingo. Pitisha kidole gumba juu ya kizibo, juu ya ile karatasi yake. Kizibo kiwe sawa na mdomo wa chupa au kimezama kidogo. Kikiwa kimevimba juu, rudisha chupa rafuni na usijieleze kwa mtu. Jaribu kuzungusha karatasi ya shingoni: ikizunguka ni dalili njema, ikiwa imegandia huenda mvinyo ulivuja ukakauka hapo. Inua chupa kwenye mwanga utazame kimo cha mvinyo, kisha ulinganishe na jirani zake. Chupa za kizibo cha kuzungusha hazina ushahidi huu. Hizo usitazame chupa, tazama duka.

Na kutazama duka kuna mtego. Nilikuwa najiona mjanja, nakataa chupa ya rafuni na kuomba iliyo ndani ya boksi huko nyuma. Siku moja nikamuuliza kijana wa duka, "Kaka, stoo yenu iko wapi?" Akanyoosha kidole juu. "Iko hapo darini, dada, chini ya bati." Darini! Chini ya bati, mwezi wa pili! Rafu ile niliyokuwa naikimbia angalau ilikuwa na kiyoyozi, umeme ukiwepo. Tangu siku hiyo swali la kwanza ninalouliza si bei.

Sasa chupa zenyewe, kwa mpangilio wangu.

Ya kwanza ni Kadette Cape Blend ya Kanonkop, na sitajifanya sina upande. Naipenda nyumba hiyo ya mvinyo. Iko Stellenbosch, Afrika Kusini, kwenye miteremko ya mlima Simonsberg, na Kadette ndiyo chupa yao ya kuingilia mlangoni. Ndani yake Pinotage imeungana na zabibu za Bordeaux, eneo la mvinyo la Ufaransa, hasa Cabernet Sauvignon na Merlot. Pinotage yenyewe ni mtoto wa hapohapo Stellenbosch: mwaka 1925 mtaalamu wa zabibu Abraham Perold alizalisha mbegu yake kwa kukutanisha Pinot Noir na Cinsaut. Kwa mwanafunzi faida ni kwamba wahusika hawafanani. Cabernet inakukausha ulimi kama bibo. Hiyo ndiyo tanini, na ukishakula bibo huhitaji mwalimu wa kukueleza. Merlot inajaza katikati. Pinotage inakuja na tunda jekundu na kamoshi kidogo nyuma. Kunywa polepole, utaanza kuwatenganisha mmojammoja. Ndugu yake mkubwa, Paul Sauer, anaongozwa na Cabernet Sauvignon pamoja na Cabernet Franc na Merlot. Ni mvinyo wa kuweka miaka, na bei yake ni ya kukaa chini kwanza. Huyo mngoje.

Ya pili si chupa moja bali tatu: Cabernet Sauvignon, Merlot na Shiraz za shamba moja, mwaka mmoja ikiwezekana, zilizolala duka moja. Hapa ndipo utajifunza kweli. Nunua bomba la sindano la mililita 20 duka la dawa, bila sindano yenyewe. Anza na Cabernet mililita 70, Merlot 30. Geuza: Merlot 70, Cabernet 30. Kisha Cabernet 60, Merlot 25, na Shiraz 15. Kila mtu aandike kabla mtu yeyote hajafungua mdomo, maana kwenye kundi letu yupo shangazi mmoja akishasema "hii ina pilipili manga" basi wote tunaanza kuisikia pilipili manga. Mchanganyiko mnaoupenda ujazeni kwenye chupa ndogo hadi shingoni, uwekeni kwenye friji, mwonje tena kesho yake. Siku ya kwanza zabibu bado wageni kwa wageni.

Msishangae mkikuta Cabernet "tupu" ina kitu kingine ndani. Afrika Kusini lebo ikitaja zabibu moja inatosha iwe asilimia 85. Marekani kwa kawaida 75. Kwa hiyo wengi wetu tumekuwa tukinywa mseto kwa miaka bila kuambiwa.

Ya tatu ni Bordeaux yenyewe, na hapa nitakaa kidogo, maana watu hudhani wale Wafaransa walichanganya kwa madoido. Ilikuwa ni kilimo. Merlot huiva mapema, Cabernet Sauvignon huchelewa. Mvua za vuli zikiwahi, Cabernet inakwama lakini Merlot imeshavunwa. Baridi ya masika ikiunguza machipukizi ya Merlot, Cabernet bado haijachipua. Mkulima wa Dodoma anayepanda mahindi na mtama kwa kuhofia mvua angewaelewa bila mkalimani. Udongo nao ukaamua: upande wa Médoc wenye kokoto zinazotunza joto, Cabernet ndiyo bwana, ng'ambo ya mto, Saint-Émilion na Pomerol, kwenye udongo wa mfinyanzi, ni Merlot. Chupa ya kawaida iliyoandikwa Bordeaux tu mara nyingi imejaa Merlot, ingawa lebo ya mbele haitakwambia.

Kwa nini basi ni ya tatu? Bei. Naelewa ushuru wa forodha, naelewa ushuru wa bidhaa, naelewa VAT ya asilimia 18 juu yake. Sielewi chupa ileile kutofautiana kwa Sh 18,000 kati ya maduka mawili yanayotazamana barabarani. Niliuliza. Nikajibiwa kwamba hii ya hapa "imekomaa zaidi". Ilikuwa imesimama dirishani, inakula jua la saa tisa, karatasi ya shingoni imegandia kama lebo ya dawa. Haya maneno ya "mvinyo ukikaa sana ndiyo unakuwa mtamu" wauzaji wetu wameyashika kwa mkono mmoja na kalamu ya bei kwa mkono mwingine. Mvinyo mwingi unaouzwa kwetu umetengenezwa unywewe ndani ya miaka michache. Na ule unaoweza kukomaa, hukomaa gizani, kwenye ubaridi. Dirishani unazeeka tu.

Ya nne, Côtes du Rhône, mseto mwingine wa Ufaransa: zabibu ya Grenache mbele, Syrah (ndiyo Shiraz ileile) na Mourvèdre nyuma. Ina joto la kilevi na tunda jingi, rahisi kupendwa, lakini kwa anayeanza ni vigumu kutambua nani kafanya nini. Jirani zake wa Châteauneuf-du-Pape wanaruhusiwa aina 13 za zabibu. Ukifika huko utakuwa hunihitaji tena.

Dodoma sijaipa namba, kwa makusudi. Zabibu nyekundu ya Makutupora haina nafasi kwenye vitabu vya Bordeaux, na mimi nimefurahia kuitumia kama kiungo: mililita 10 ndani ya 90 za Merlot, uone uchachu unavyosimama. Chagua ile kavu, siyo tamu ya kubembeleza. Kule wanavuna mara mbili kwa mwaka, mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku kunapoa. Ukiwa na safari, nunua kulekule kwa wanaoutengeneza na uubebe mwenyewe. Usiuache kwenye buti la gari ukishuka Morogoro kula.

Mvinyo wa boksi na ile myekundu mitamu ya bei ya chini: kwa sangria, sawa. Sukari inafunika kila kitu, hakuna somo humo.

Mnaniuliza pia kuhusu maduka yanayotia chupa kwenye friji mara tu ukiingia. Dakika 20 za friji zinapoza mkono wako tu, zilizopikwa zimeshapikwa. Mwulize muuzaji chupa ililala wapi tangu ishushwe, kisha utazame uso wake, siyo friji.

Ile Merlot ya kwanza nilijaribu kuirudisha, ikiwa imebaki nusu. Nikaambiwa ladha haina dhamana. Ijumaa hii tunaanza upya na tatu nyingine, vizibo vimekaguliwa, na wino mwekundu nimeshaufuta kwa wino mweusi. Shangazi ameagizwa asiseme neno mpaka wote tuwe tumeandika.