Iyunga kwa anayepangiwa MUST: nyota nne kutoka kwa mtoto wa Tanga

Kila majina ya waliochaguliwa yakitoka, simu zinaanza kutoka nyumbani: "Dada, huko Mbeya panakalika?" Panakalika. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST kwa wenyewe, mazingira yake nayapa nyota nne. Ya tano imeliwa na vyumba vya kupanga, nitafika huko.

Kwanza usitarajie kukaa katikati ya mji. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji, TEKU, wako Block T, mjini kabisa. Sisi tuko Iyunga, upande wa kuelekea Tunduma, unaiacha barabara kuu unaingia ndani. Chuo chetu kilianza 1986 kama chuo cha ufundi, kikawa taasisi 2005, kikapanda kuwa chuo kikuu 2012, na ufundi wenyewe haujatoka: utapishana na watu wa ovaroli wanatoka karakana na grisi mikononi, mwingine kabeba rula ya T begani. Mpenda bata atachoka wiki ya kwanza tu. Mimi utulivu huo ndio ulionivusha, maana usiku Iyunga inalala kweli.

Baridi sasa. Sisi wa Tanga baridi tunayoijua ni ya feni. Mwezi wa sita na wa saba hapa, kipindi cha kuchora cha asubuhi, vidole vinakufa ganzi mpaka penseli inakwenda inakotaka yenyewe, na chumba kizima kinapuliza viganja. Saa nne jua likishika unatoka nje unauona Mlima Mbeya kaskazini, zaidi ya mita 2,800, hauna hata wingu, na unasamehe. Koti usinunue kwenu. Nenda Mwanjelwa kwenye mitumba, makoti mazito yamejaa, na wauzaji wanashushika bei ukiwa na subira. Mablanketi chukua mawili.

Kwenye chakula ndipo Mbeya imeniharibu. Nilikokuwa nikila kuna mama wa Kinyakyusa, kibanda cha mabati, benchi mbili. Wali maharage na mboga ya majani, halafu juu yake anakukatia nusu parachichi bila kuulizwa, laini, la kupaka kama siagi. Kwetu lile nusu lingehesabiwa peke yake! Siku nyingine ndizi za Tukuyu na nyama, mchuzi mzito. Ukimwambia "Shikamoo mama, leo sina," anaitikia marahaba na kufungua daftari. Boom, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, likitoka foleni ya kulipa madeni inafika barabarani, na kila anayelipa anapewa "ndaga fijo" yake, asante sana ya Kinyakyusa. Usiku ni chipsi zege, hizo ziko kila mahali, sina la kuongeza.

Vyumba ndiyo kesi. Hosteli hazitoshi wote, wengi tunapanga geto mtaani. Mwenye nyumba wangu wa kwanza alikuwa na mita moja ya umeme, luku, kwa vyumba vyote, mchango sawa kwa sawa. Mmoja wetu alikuwa na jiko la umeme kalificha chini ya kitanda, anapika maharage makavu humo. Yuniti zikakata usiku wa kuamkia mtihani, mwenye nyumba simu kazima, tukasoma kwa tochi za simu mpaka nazo zikazima. Kwa hiyo ukionyeshwa chumba, rangi na vigae achana navyo. Uliza luku ni ya nani, maji yanatoka siku gani, na njia ikoje Machi mvua ikikolea, kwa sababu kuna vichochoro vya udongo mwekundu vinavyovua watu viatu. Chumba cha bei ya chini bondeni kitakumalizia akiba kwenye bajaji.

Barabara kuu nayo inapanuliwa njia nne, kilomita 29 kutoka Nsalaga hadi Ifisi. Mwenye kipindi cha saa moja akilala upande wa mjini awahi kutoka, malori ya Zambia hayamjui mwanafunzi.

Wakati wa kuja, panda basi la Tunduma, mwambie kondakta akushushe Iyunga. La kuishia Mbeya litakuacha stendi, na mwenye bajaji akiona begi kubwa na godoro anataja bei ya mgeni. Godoro utalikuta hukuhuku.