Siku 365 za kudarizi shajara: uzoefu wangu nikiwa Lamu

Tarehe 1 Januari 2025 nilianza kudarizi alama moja ndogo kila siku, na usiku wa tarehe 31 Desemba nikaweka ya 365. Tangu nianze kuwaonyesha watu, maswali ni yale yale: inachukua muda gani, ile seti ya kununua inatosha, na je, ina faida yoyote kuliko kuandika daftarini? Nitajibu yote, ila nikumbushe kwamba nakaa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, mita chache kutoka baharini. Joto na hewa ya chumvi vimeingia katika kila nitakachosema.

Kwa asiyeijua, shajara yenyewe iko hivi. Unakaza kitambaa cheupe kwenye fremu ya mviringo, unachora duara kubwa, unaligawa vipande 12 kama unavyokata keki. Kila kipande ni mwezi. Kila siku unachagua jambo moja lililotokea, unalishona kwa picha isiyozidi ukucha wa kidole gumba. Fremu yangu ni ya inchi 10, kama sentimita 25, na ukipiga hesabu utaona kila siku inapata nafasi ya sentimita moja na kidogo. Nafasi hiyo ndogo ndiyo inayokufanya ufikiri. Huwezi kushona harusi nzima. Unashona kikuba cha bibi harusi, au sahani ya pilau, na unachokichagua kinaonyesha ulikuwa unatazama nini.

Seti niliagiza mtandaoni kwa muuzaji wa Nairobi, shilingi 2,600. Ilikuja na basi mpaka Mokowe, kisha ikavuka na boti. Ndani mlikuwa na fremu ya mwanzi, kitambaa kilichokwisha kuchorwa duara, sindano 3, kalamu ya buluu inayofutika kwa maji, na mafungu 24 ya nyuzi zisizo na jina.

Fremu ni nzuri, sina la kulalamika isipokuwa skrubu. Kufikia Februari ilishaanza kutu, na siku moja niliyoiacha imekaza kitambaa usiku kucha iliacha doa la rangi ya chai pembeni. Sindano nazo hivyo hivyo: niliichomeka moja kitambaani nikaenda kulala, siku mbili baadaye nilipoichomoa ikaacha nukta ya kutu katikati ya kipande cha Januari. Nyumbani kutu huwa tunaitoa kwa ndimu na chumvi, unaanika juani. Kwa kanzu nyeupe ni dawa. Kwa kitambaa chenye nyuzi za rangi sikuthubutu, nikaifunika ile nukta kwa kushona juu yake jicho la samaki. Tangu hapo, kila usiku naondoa kitambaa kwenye fremu, nachomoa sindano, naifuta na kuiweka ndani ya kopo lenye mchele mkavu. Ukikaa pwani, fanya hivi tangu siku ya kwanza.

Nyuzi ndizo zilizoniumiza. Mwanzoni mwa Aprili, Ramadhani imekwisha, niliamua kuosha zile alama za buluu za kalamu kwa sababu zilikuwa zinakera macho. Nilitia kitambaa kwenye beseni la maji, nikageuka kutafuta taulo, na niliporudi maji yalikuwa ya waridi. Uzi mwekundu ulikuwa umechuja. Sambusa, tende, bendera, waridi la siku ya kuzaliwa kwa mama, vyote vilikuwa vimezungukwa na ukungu mwekundu. Nililia, sifichi. Miezi mitatu ya mikono yangu ilikuwa pale. Kilichoniokoa ni kutokiacha kikauke: nilikiweka chini ya maji baridi yanayotiririka, nikabadilisha maji mara tisa au kumi mpaka yakawa safi, na waridi nyingi ikatoka. Iliyobaki ipo mpaka leo kwenye ukingo wa Machi. Nilimwandikia muuzaji, hakujibu.

Baada ya hapo binamu yangu aliniletea kutoka Mombasa mafungu 10 ya DMC. Hii ni kampuni ya Ufaransa iliyoanza mwaka 1746, na fungu moja lina mita 8 za uzi wenye nyuzi 6 ndani yake. Bei ni kubwa kuliko zile zisizo na jina, lakini kwa alama ndogo kama hizi unatumia nyuzi 2 tu kati ya 6, kwa hiyo fungu moja linakwenda miezi. Nyeusi yake, namba 310, niliianza Aprili na ilinifikisha Novemba. Sikuamini kwa maneno tu: kila rangi niliikata kipande, nikakiloweka kwenye maji ya moto na kukibana kwa karatasi nyeupe ya tishu. Hakuna kilichotoa rangi. Kama una pesa kidogo, acha seti kabisa. Nunua fremu, nusu mita ya bafta (kitambaa cheupe cha pamba), rangi 8 za uzi mzuri, umemaliza.

Kipimo cha uzi ni kutoka ncha za vidole mpaka kiwiko. Ukikata mrefu zaidi unajifunga fundo na kuota manyoya. Na ukitaka kutenganisha nyuzi 6, vuta mmoja mmoja kwa juu, usipasue katikati.

Haya nilifundishwa na mjomba wangu, ambaye anashona kofia za vito, zile zenye vitundu vilivyozungushiwa uzi, barazani tangu sijazaliwa. Siku ya kwanza nilipompelekea kazi yangu alisema, "Ndoo uketi hapa, penye mwangaza." Hakutazama picha. Akapindua kitambaa, akapitisha kidole gumba nyuma taratibu, na kila alipokuta fundo akasimama. Yalikuwa mengi. "Mwanangu," akaniambia, "hili ukilivaa kitwani litakutoboa." Akanionyesha kuanza bila fundo: unaacha mkia wa uzi nyuma, unaushonea juu kwa hatua nne tano za mwanzo, na ukimaliza unaupitisha chini ya mishono iliyopo kisha unaukata. Kwa mtu anayezungushia uzi vitundu vya kofia moja wiki baada ya wiki, yangu ilikuwa kazi ya kitoto, lakini hakuidharau hata siku moja. Alinipa subana yake ya shaba. Bado ninayo, na sisikii tena sindano kwenye kidole cha kati.

Muda: siku za kawaida ni dakika 15, kuchora na kushona. Ramadhani ilichukua karibu Machi yote na nilishona baada ya tarawehe. Niliogopa mwezi mzima utafanana, kwa hivyo nikaamua kila siku nishone kitu kimoja kilichokuwa kwenye futari. Mkate wa mofa, kaimati, viazi karai, tambi, muhogo wa nazi, kikombe cha uji. Sasa kile kipande cha Machi ndicho kila mgeni anachokiwekea kidole kwanza.

Mei niliugua homa, nikakosa siku 11. Nilipopona nilitaka kuzijaza, nikafungua simu kutafuta nilifanya nini. Ujumbe wa M-Pesa ulikuwapo wote: dawa, salio, unga, dawa tena. Nikashona chupa ya dawa, simu, paketi. Nimejuta. Simu ilikuwa imekumbuka pesa tu. Haikukumbuka kwamba dada yangu alinilalia miguuni usiku wa tatu, wala mlio wa punda aliyekuwa akifungwa nje ya dirisha kila alfajiri. Hayo nimeyakumbuka baadaye kabisa, nafasi ikiwa imekwisha. Ukikosa siku, ushauri wangu ni uiache nyeupe. Weupe wenyewe unasema ulikuwa mgonjwa.

Siku ninayoipenda kuliko zote ni Jumapili ya tarehe 7 Septemba. Tulikuwa katikati ya mwezi wa Mfungo Sita, mji umejaa hamu ya Maulidi, na usiku ule mwezi ulipatwa. Kuanzia saa mbili na nusu ulikuwa umemezwa wote, ukakaa hivyo zaidi ya saa nzima, mwekundu uliokolea kama chuma kinachopoa. Watu walikwenda kuswali swala ya kupatwa kwa mwezi. Mimi nilipanda darini na mama na watoto wa jirani, na hakuna aliyepiga kelele. Nilirudi chini nikakaa kwenye taa na uzi mwekundu, nikaona hapana, si mwekundu huu. Nikatoa unyuzi mmoja wa kahawia, mmoja mwekundu ulioiva, mmoja wa kijivu, nikaipitisha yote mitatu kwenye tundu moja la sindano na kushona pamoja. Kila mshono ulitoka na rangi yake, mahali kahawia imekuja juu, mahali nyekundu. Nilifumua mara mbili. Alama ile ilinichukua saa moja na robo, na ni kubwa kuliko jirani zake, sikuweza kuibana.

Zipo siku ambazo hazikuhitaji kufikiriwa. Tarehe 15 Oktoba, habari za kufariki kwa Raila Odinga zilipofika, nilishona chungwa, alama ya chama chake cha ODM. Hakuna Mkenya aliyeliona akaniuliza maana yake.

Je, naipendekeza? Ndiyo, kwa yeyote anayeweza kukaa dakika 15 na jambo moja. Daftari nimewahi kuandika, nikaacha Februari, kwa sababu lilinidai maneno hata siku nisipokuwa nayo. Sindano haikudai hivyo. Seti niliyonunua siipendekezi kwa sababu ya nyuzi. Kalamu ya buluu ni nzuri, lakini iloweshe kwa maji baridi na uhakikishe imetoka yote kabla ya kupiga pasi, maana joto huigandisha rangi. Na usitundike kazi yako kwenye ukuta wa nje wa nyumba ya mawe. Kuta zetu za matumbawe na chokaa zinavuta unyevu. Yangu iko kwenye ukuta wa ndani, mbali na jua, na nyuma nimeishonea kipande cha kitambaa cha marekani.

Januari hii nilinunua mita moja ya bafta, nikaikata vipande viwili, kimoja nikakituma Malindi kwa binamu yule yule aliyeniletea nyuzi. Ameanza. Kila Ijumaa anatuma picha mbili, ya mbele na ya nyuma, na mimi naipeleka simu barazani. Wiki iliyopita mjomba aliivuta picha ya nyuma kwa vidole mpaka ikajaa kioo, akaisogeza karibu na macho yake, kisha akamrekodia sauti: tarehe nne ifumue, uanze tena bila fundo.