Kliniki ya Mazoezi ya Viungo, Malindi: Huduma kwa Wagonjwa wa Neva

Kliniki hii ndogo inastahili kusifiwa kwanza kwa maelezo yake, kwani mhudumu alimfafanulia dada yangu, mwenye maltipo sklerosisi, kwamba kinga yake ya mwili inashambulia mayelini, yaani utando wenye mafuta unaozifunika nyuzi za neva katika ubongo, uti wa mgongo na neva za macho, kama mpira unavyofunika waya wa umeme. Utando huo ukichubuka, ujumbe hupungua kasi au hukatika njiani, na ndipo mguu unapokufa ganzi au jicho linapoona ukungu.

Kilichoniridhisha zaidi ni ratiba. Joto la mwili linapopanda, nyuzi zilizopoteza mayelini hupitisha ujumbe kwa shida zaidi, jambo ambalo daktari Mjerumani Wilhelm Uhthoff alilieleza mwaka 1890. Kwa hiyo wagonjwa wa aina hii hupangiwa asubuhi na mapema, hasa msimu wa kaskazi, wakati ambapo saa sita ya mchana hapa Malindi humchosha hata mzima.

Mazoezi hayarudishi mayelini, na kliniki, kwa uaminifu wake, haikuahidi hivyo. Dawa za kupunguza mashambulizi ni kazi ya daktari bingwa wa neva. Kasoro kubwa ni ngazi za mlangoni zisizo na kishikio, jambo la ajabu mahali panapohudumia watu wanaoyumba. Bei ni ya wastani. Anayetaka nafasi ya asubuhi apige simu mapema, kwa kuwa hujaa haraka.